Gari la taka halifiki kijijini, lawama zinafika

Kampeni za usafi zikifika vijijini huja na ujumbe ule ule: msichome plastiki, punguzeni taka. Hoja ipo. Plastiki inayochomwa kwenye shimo nyuma ya nyumba hutoa moshi wenye sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wanaocheza hapo. Mifuko inayobaki humezwa na ng'ombe na mbuzi.

Lakini nani anaambiwa apunguze nini? Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa mtu mmoja Afrika Kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Amerika Kaskazini ni kilo 2.21. Na hiyo 0.46 imejumlisha Dar es Salaam, Nairobi na Lagos. Nyumba ya kijijini inayokula ilichovuna iko chini zaidi: maganda ya ndizi anakula mbuzi, pumba wanakula kuku, majivu yanamwagwa chooni, na dumu la mafuta likiisha linachotewa maji miaka na miaka. Ukitoa hayo yote, shimoni vinabaki vipakiti vya sabuni ya unga, maganda ya biskuti, pampas na betri za tochi. Vyote vimetoka kiwandani, na hakuna mwanakijiji aliyeulizwa vifungwe namna gani. Ripoti hiyo hiyo inasema nchi za kipato cha chini hukusanya asilimia 48 ya taka mijini, ila nje ya miji ni asilimia 26 tu. Tunamkataza mtu kuchoma bila kumwonyesha pa kupeleka.

Kipakiti nacho kina utetezi wake. Mwenye kibarua cha siku hawezi kununua sabuni ya kilo nzima. Mafuta ya kupima yanaweza kuchakachuliwa, na mnunuzi hana namna ya kujua. Chumvi ndiyo mfano mzito kuliko yote: yenye madini joto ikikaa wazi kwenye gunia, madini hupungua, na upungufu wake ndio unaoleta uvimbe wa tezi shingoni. Hapo pakiti inastahili kubaki. Kwa sabuni sioni sababu hiyo, maana ya mche hukatwa kipande dukani na haiachi kitu shimoni.

Ninachopinga ni kudhani elimu peke yake itatosha. Viroba, yaani vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilikuwa vimetapakaa njiani nchini Tanzania hadi Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikafuata Juni 1, 2019, na mtu wa kawaida akikutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000. Vifungashio vya viwandani viliachwa nje ya katazo. Mama anayebeba nyanya angetozwa, huku kiwanda kinachofunga sabuni ya kufulia mara moja kikiendelea na kazi.

Njia ya kurudisha tunayo tangu zamani. Soda ya chupa ya kioo inafika hadi duka la mwisho kijijini, na gari lililoleta kreti zilizojaa linaondoka na kreti za chupa tupu. Chupa haizagai kwa sababu ina thamani. Mtoto akiiona njiani anaiokota. Gari linaloleta vipakiti linapita barabara hiyo hiyo na kurudi tupu. Kama sheria ingemtaka mwenye kiwanda akusanye alichokisambaza, gharama ya safari ya kurudi ingekuwa ndogo kuliko inavyodaiwa.

Wakati tunasubiri, kaya inaweza kununua kwa kupima pale duka linapoaminika, kubeba kikapu, kutenga betri zisiingie motoni, na kutotupa pampas chooni, kwa sababu zinajaza shimo kabla ya muda wake. Hayo yako ndani ya uwezo wa kaya. Yaliyobaki apelekewe aliyeweka nembo yake kwenye kipakiti.