Daktari Asiyefundishwa Kutazama Jicho
Mitaala ya udaktari inapopitiwa upya, somo la macho huwa miongoni mwa yale yanayopunguziwa muda mapema. Wanaopunguza wana hoja. Miaka ya shahada ya kwanza haiongezeki ilhali maarifa yanaongezeka, na aliyehitimu jana hatampasua mtu mtoto wa jicho. Hata oftalmoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho kilichobuniwa na mwanasayansi Mjerumani Helmholtz mwaka 1851, si rahisi kukizoea, na siku hizi kamera hupiga picha ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikamfikia bingwa aliye mbali.

Ila mgonjwa haanzii kwa bingwa. Mama wa miaka 60 anafika usiku, kichwa kinampasuka upande mmoja, anatapika. Daktari kijana anapima presha ya damu, anaminya tumbo, anamchoma sindano ya kuzuia kutapika. Jicho ni jekundu, lakini mawazo yote yako tumboni. Angewasha tochi iliyomo mfukoni mwake angeona konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mboni imetanuka, haisinyai kwa mwanga. Hiyo ni glakoma ya ghafla: presha ndani ya jicho imepanda, na neva ya kuonea inaweza kuharibika ndani ya saa chache. Kuitambua hakuhitaji ubingwa. Kunahitaji kuwahi kuonyeshwa, kwa mgonjwa halisi, mwalimu akiwa pembeni.

Ndivyo ilivyo kwa aliyeingiwa na chokaa jichoni: aoshwe kwanza kwa maji mengi, maelezo baadaye. Ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye weupe kwenye mboni, ambao huenda ni saratani ya retina. Na matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yakiwekwa ovyo kwenye konea iliyoshambuliwa na virusi vya malengelenge, huzidisha kidonda.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa bilioni 1 kati yao lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Hiyo bilioni 1 hainitoki akilini. Wengi wao wanahitaji miwani au upasuaji tu, kweli, lakini nani atawaelekeza kama daktari wa kwanza hajui hata kupima uwezo wa kuona?

Hatua za upasuaji ziondolewe kwenye mihadhara, sina ubishi. Wiki za kliniki zibaki, na mtihani uwe chati ya herufi, tochi, na mgonjwa mwenye jicho jekundu.