Jamani, yule wa Ruhuhu si dinosauri

Jana kijiweni jamaa mmoja kazungusha simu yake: picha ya dude lenye chonge mbili kama majambia. "Dinosauri wa Songea huyo!" Wazee wakaitikia, mwalimu mstaafu naye akaafiki. Kahawa ikanipalia.

Huyo ni gorgonopsia, mnyama wa kale mla nyama. Aliwinda bonde la Ruhuhu, kule upande wa Ziwa Nyasa, yapata miaka milioni 255 iliyopita. Dinosauri wa mwanzo tunaowajua wamekuja kama miaka milioni 20 baada ya ukoo wake kufutika. Kumwita dinosauri ni sawa na kumwita Chifu Mkwawa mbunge wa Kalenga.

Tena tarehe ningesamehe. Kinachoniudhi ni kuukana undugu. Dinosauri wengi walao nyama wana meno ya sura moja kinywa kizima, kama msumeno. Huyu wetu ana meno ya mbele ya kung'atia, kisha chonge, kisha vijino vya nyuma. Nenda kwenye kioo ufungue kinywa. Umeuona mpangilio? Fuvu lake nalo lina tundu moja nyuma ya jicho, kama la ukoo uliozaa mamalia wote. Dinosauri wanayo mawili. Babu mzaa babu si yeye, ila siku ya kikao cha ukoo tunakaa naye mkeka mmoja. Dinosauri wakakae na kuku, ndio damu yao.

Haya, nakiri: ukimchora anafanana na mjusi aliyekosana na dunia. Jamaa wa kijiweni ana nusu ya udhuru.

Na lile joka la Tendaguru, dinosauri wa Lindi lililoko Berlin, kila mwaka tunalililia, mimi nikiwemo. Ya Ruhuhu je? Miaka ya 1930 mtafiti Mwingereza Parrington alibeba mifupa hadi Cambridge, na ile aliyokusanya mtafiti mwingine, Nowack, ikaishia Tübingen, Ujerumani. Hata jina wataalamu wa Ulaya wakampa mmoja wa ukoo huo, Ruhuhucerberus: mbwa wa Kigiriki, mlinzi wa kuzimu, kafungwa kamba kwenye mto wetu. Nani kawahi kumdai?

Jioni nikampigia mjomba, mzaliwa wa kulekule. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za mnyama wa Ruhuhu.

"Mamba?"

"Hapana mjomba, wa zamani sana."

"Eeh, mamba wa zamani walikuwa wakubwa kweli."