Kima Amekufa, Lala

Jumapili moja, saa moja asubuhi, nilitoka nje na mswaki mdomoni nikakuta msiba bombani. Irene, mtoto wa jirani, miaka sita, amekalia ndoo iliyopinduliwa na analia kwa kwikwi kama mtu aliyetoka makaburini. Wenzake wamemzunguka.

"Nani kafa?" nikauliza, povu likinichuruzika kidevuni.

"Kima," akasema Irene.

"Hajafa!" Neema wangu akadakia. "Yuko Coco Beach!"

"Muongo," akasema Godi. "Alimpa papa elfu tano, papa akamwachia."

Nasra, aliyewazidi wote kwa mwaka mmoja, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema hawajui kitu, aliyeliwa ni punda.

Nikatema povu. Nilijua papo hapo mkosaji ni nani, ndiyo maana nikarudi ndani.

Sisi ni familia nne za wapangaji kwenye nyumba moja huku Mbagala. Maktaba tunakoazima inampa kila mtoto vitabu viwili kwa wiki mbili. Mama Nasra, ambaye kwa hesabu hachezewi, ndiye aliyegundua kwamba watoto wanne wakizungushiana, kila mmoja atasoma vinane kwa nauli ya viwili. Tukaafikiana. Na kwa kuwa hakuna mzazi anayemwamini mwenzake kwa asilimia mia, tukaweka utaratibu: kitabu kikifika tu, mzazi mmoja anakipitia, anaandika maoni kwenye kikaratasi na kukibana kwa klipu ndani ya jalada. Maswali yalikuwa manne. Lugha ikoje? Picha zikoje? Kinafaa umri gani? Umekisoma mpaka mwisho?

Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa sababu ndiye ninayevaa miwani. Ikanipanda kichwani. Nikaanza kutoa alama. Kitabu kimoja nilikipa 4 kati ya 10 kwa vile fisi alidanganywa tena na sungura. Fisi yule anadanganywa tangu mimi niko darasa la pili, na sungura hajafikishwa hata kwa mjumbe. Nikawafundisha majirani kanuni ya vidole vitano: mpe mtoto ukurasa mmoja asome, kila neno linalomshinda akunje kidole, vitano vikiisha kabla ya ukurasa, ujue kitabu kimemzidi. Mama Irene alijaribu kwa Irene, akaja kuniambia vidole viliishia kwenye jalada.

Lile swali la nne nililijibu "Ndiyo" kila mara. Mtu mwenye miwani atajibuje "Hapana"?

Sasa, kitabu cha kima na papa kilinifikia saa mbili usiku, timu yangu iko uwanjani na tumeshafungwa moja. Nikakitazama jalada: kima kakaa mgongoni kwa papa, bahari ya buluu, jua linacheka. Pembeni kuna kibandiko cha 398.2, na hiyo, kwa tunaojua mambo ya maktaba, ndiyo namba ya ngano katika ule mpango wa Melvil Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, ulioanza mwaka 1876. Nikaona basi, kama ni ngano, ngano naijua. Nikafungua katikati, nikaonja mistari miwili, nikaandika: "Lugha fasaha. Picha 9 kati ya 10. Miaka 5 mpaka 8. Nimekisoma mpaka mwisho, na mwisho wake unagusa moyo." Nikabana klipu. Tukafungwa la pili.

Siku zikapita, kila nyumba inasoma kwanza vile vingine. Tukashtuka Jumamosi, kitabu kinatakiwa maktaba Jumatatu, na hakuna mtoto aliyekisikia. Ikabidi kipite nyumba zote usiku uleule. Kwa Mama Nasra saa kumi na mbili na nusu, kwa Baba Godi saa moja, kwetu saa mbili, kwa Mama Irene saa tatu.

Kwetu mambo yalianza vizuri. Neema aliuliza kama huyu Papa ndiye yule wa Roma, nikamwambia hapana, huyu ni samaki. Kima anamrushia papa makuyu kutoka mtini, urafiki unanoga, papa anamkaribisha kwao akatembee. Kima anapanda mgongoni. Wanafika katikati ya bahari, nchi kavu haionekani, na papa anasema: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima.

Nikafunua ukurasa. Jalada.

Nikarudi nyuma, nikafunua tena. Jalada lilelile.

"Halafu?" akauliza Neema. Amekaa kitako, macho kama sahani.

Nikajisemea, haya ni ya kwa Baba Godi, yule mtoto wake anapenda kutengeneza tiara. Kwa sauti nikasema: "Halafu kima akajitupa majini, akaogelea mpaka ufukweni."

"Kima anajua kuogelea?"

"Anajua."

"Kajifunzia wapi?"

"Coco Beach. Lala."

Kumbe kila nyumba ilipigwa na jalada lilelile, na kila mzazi aliamini kitabu kimeharibiwa na aliyemtangulia, akanyamaza kwa ustaarabu. Baba Godi ni dereva wa daladala, na kwa uzoefu wake hakuna aliyesimamishwa katikati ya safari akaondoka mikono mitupu. Kima wake alimwambia papa, "Mkubwa, tuyamalize hapahapa." Mama Nasra ni wa Pemba na hadithi anaijua tangu tumboni, kwa hiyo aliimalizia kwa mdomo. Mama Irene ni muuguzi. Usiku ule alikuwa ametoka kwenye zamu mbili mfululizo. Alipofunua akakuta jalada, na mtoto akauliza "Halafu?", alisema, "Kima akafa. Lala."

Jioni ya Jumapili tukaitwa barazani kwa mwenye nyumba. Yeye ni mwalimu mstaafu, kesi zote za bomba, umeme na kuku humalizwa kwake. Akakishika kitabu kwa ncha za vidole kama daktari.

"Vitabu vya aina hii," akasema, "karatasi zake hukunjwa, kwa hiyo kurasa huenda kwa nane nane: 16, 24, 32. Hiki kimeishia 20. Na kimepigwa pini katikati, kila jani la mwisho lina pacha wake wa mwanzo. Ukinyofoa moja, jingine linabaki yatima." Akakitikisa. Majani mawili ya mwanzo yakadondoka mapajani mwake. "Kimechanwa. Tujue lini."

Akavaa miwani, kikaratasi changu akakisoma kwa sauti ya darasani. Lugha fasaha. Picha 9 kati ya 10. Alipofika "nimekisoma mpaka mwisho" akanyanyua uso. "Kwa ushahidi huu, kitabu kilitoka kwa Baba Neema kikiwa kizima."

Macho yote kwa Baba Godi.

"Mwalimu, mimi?" Baba Godi akasimama. "Mimi nimekipokea Jumamosi, kwangu kimekaa dakika arobaini!"

"Juzi mwanao alikuwa na tiara," akasema Mama Irene.

"Ya gazeti!"

Ule ndio wakati ambao muungwana angesema neno. Mimi niliomba maji ya kunywa. Nikayanywa taratibu, glasi nzima, huku Baba Godi anamwita mwanawe alete tiara kama kielelezo. Ikaja. Mwalimu akaigeuza: gazeti la michezo, na juu yake picha ya goli la pili tulilofungwa. Hata hilo halikunifungua mdomo.

Mwalimu hakuridhika. Akasema anataka kuilinganisha tarehe ya kikaratasi na ile ya mhuri wa maktaba. Akaichomoa klipu.

Chini ya kikaratasi changu, palepale nilipokibana kwa mkono wangu, palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa maktaba ulionyooka: "Kurasa 21–24 hazipo."

Bomba lilikuwa linadondosha matone. Tuliyasikia yote.

"Mwisho wake," akasema Mama Nasra polepole, kama mtu anayetafuna muwa, "unagusa moyo."

Baba Godi alicheka mpaka akakaa chini. Kwa kweli nilishukuru, maana alikuwa na haki ya kufanya jambo jingine. Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu, akaandika swali la tano chini ya yale manne, kwa herufi za ubaoni: "Nakili sentensi ya mwisho ya kitabu." Akanipa kikaratasi nikitie sahihi.

Watoto walikuwa wamejaa mlangoni, hawana habari na ushahidi wala sahihi. Wanataka kima. Ikabidi Mama Nasra ajifunge khanga na kuanza. Kima alimwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, ndivyo walivyo kima wote, wakitembea huacha mioyo nyumbani. Papa akageuza. Kufika pwani, kima akaruka mtini, na alipoitwa akajibu, "Umenifanya mimi punda wa dobi?" Hapo ikaingia hadithi ya pili ndani ya ya kwanza: punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, akabembelezwa na sungura akarudi, akaliwa. Hana moyo wala hana masikio, angekuwa navyo asingerudi. Mwalimu akachomekea kwamba hii ilichukuliwa Unguja na Mwingereza mmoja, Edward Steere, ikachapwa London mwaka 1870. Hakuna aliyemsikiliza.

"Kwa hiyo kima mzima?" akauliza Irene.

"Mzima kabisa."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha uso ukaanza kukunjamana.

"Kwa hiyo aliyekufa ni punda?"

Mama Nasra akanitazama mimi. Mimi nikaitazama glasi. Irene akavuta pumzi ndefu, ile ya kuanzia kilio, na mama yake, ambaye saa mbili usiku anaingia zamu, akamnyanyua begani.

"Punda hajafa," akasema. "Amelala. Twende nawe ukalale."