Kabla ya Kulipa Karo ya Baleti, Ikanyage Sakafu

Mwaka jana nilizunguka na binti yangu wa miaka sita katika studio tatu za baleti hapa Nairobi, na katika ile ya kwanza nusura nilipe karo ya muhula mzima kwa sababu ya vioo vilivyong'aa, sketi za waridi zilizotundikwa mlangoni na picha za maonyesho zilizojaa ukutani. Kilichonizuia ni sauti. Mtoto aliruka mara moja tu, kwa furaha ya kujiona kiooni, na miguu yake ikatoa "pa!" kavu. Nilipovua kiatu na kukanyaga, nikahisi baridi ya vigae vilivyowekwa moja kwa moja juu ya zege.

Tangu siku hiyo, mzazi akiniuliza darasa lipi linafaa, humwambia aanze na sakafu. Baleti ni kuruka na kutua, tena mara nyingi katika kipindi kimoja, na sakafu inayofaa huwa ya mbao zilizoinuliwa juu ya fito au sponji ngumu ili ibonyee kidogo mchezaji anapotua, kisha juu yake hutandazwa zulia la plastiki lisiloteleza. Zege halibonyei, kwa hiyo kishindo chote huishia kwenye vifundo, magoti na mgongo. Vigae vina kosa la pili: huteleza.

Najua kuna atakayenipinga kwa mfano wa Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na ana haki ya kufanya hivyo. Picha zilizosambaa duniani za wanafunzi wa Mike Wamaya, mwalimu wa baleti huko, zinaonyesha watoto wakicheza, wengine wakiwa peku, katika chumba cha kawaida cha darasa ambacho madawati huondolewa kwanza. Mchezaji baleti Joel Kioko naye, aliyekulia katika mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, Kuwinda, alifika hadi English National Ballet School ya London. Sisemi, basi, kwamba pasipo sakafu ya mbao hapana baleti. Nasema kwamba mwalimu asiye na sakafu nzuri anaweza kupunguza kuruka na kuzidisha mazoezi ya kunyoosha viungo na kusimama wima, ilhali mwenye kutoza karo kubwa na kuwarusha watoto juu ya vigae hana udhuru wowote.

Hapo ndipo tunapofika kwa mwalimu mwenyewe. Katika studio ya pili nilimwona msichana wa miaka minane hivi akiwa amevalishwa viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole, mama yake akimpiga picha kwa fahari. Mifupa ya mguu wa umri huo bado haijakomaa, na walimu makini husubiri hadi karibu miaka 11 au 12, tena baada ya mtoto kufunzwa vizuri kwa miaka kadhaa na kupata nguvu za vifundo. Cheti ni jambo la kuuliza, hasa cha Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920 ambayo mitihani yake ya ngazi kwa ngazi hufanywa katika nchi nyingi, lakini cheti cha ukutani hakitoshi. Omba kuketi kipindi kizima. Katika studio ya tatu, mtoto mmoja alikuwa akilazimisha nyayo zake zitazame kando huku magoti yakibaki mbele, mwalimu alipiga magoti, akamshika nyonga, akasema, "Zungusha kuanzia hapa," kisha akamgusa goti, "si hapa." Nililipa siku hiyo hiyo, baada ya kuuliza kama karo inajumuisha mavazi na ada ya mtihani. Haikujumuisha.

Kwa watu wazima, kazi ni ngumu zaidi. Nilipojiulizia nafasi yangu mwenyewe, studio moja ilinijibu, "Ni ya watoto tu, mama," kana kwamba nimeomba kulala kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Madarasa yaliyopo mengi yako upande wa Karen, Lavington na Westlands, na anayetoka Donholm, upande wa pili wa jiji, jioni ya siku ya kazi atafika wenzake wakivua viatu. Ndiyo maana nashauri kutafuta kipindi cha Jumamosi asubuhi, cha wanaoanza kabisa, kinacholipiwa kila unapohudhuria. Umri si kisingizio: Royal Academy of Dance ina mpango wa Silver Swans kwa wenye miaka 55 na kuendelea.

Mimi nina miaka 43, na darasa nililolipata baadaye lina watu saba. Nusu ya kwanza hatutoki ukutani, tumeshikilia ule mti mrefu ambao kwa jina la Kifaransa huitwa "baa", tukikunja magoti taratibu hadi mapaja yatetemeke. Mume wangu bado hajazoea kuagwa saa mbili asubuhi na mtu anayekwenda kushika baa.