Gari la Zimamoto Linaishia Ufukweni

Ukipiga 114 ukiwa mjini Kigoma, utataja mtaa, utataja msikiti ulio jirani, na gari litakuja kukutafuta. Ukiwa kwenye boti inayowaka kati ya Mwamgongo na Kagunga, utataja nini? Ziwa Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470, na atakayekufikia kabla hujaishiwa nguvu ni mvuvi.

Siwabezi askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ila mwambao huu, kuanzia mpaka wa Burundi kushuka hadi Kalya, hauwezi kulindwa na kikosi kinachokaa mjini. Ndiyo maana nasema fedha za uokoaji zianze kutumika mialoni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, kwa watu ambao tayari wako majini.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Walipona 24. Kijana mvuvi aliyesifiwa zaidi, Majaliwa Jackson, Rais Samia aliagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini tulimtoa mmoja ziwani tukamvalisha sare, wenzake wakabaki na makasia yao kama jana. Mimi ningepeleka mafunzo kule kule mwaloni, kupitia BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi mwaloni, ambavyo tayari vipo.

Na kazi ya kufundisha ipo. Nenda mwalo wa Kibirizi, Kigoma, boti zikipakia. Petroli inamiminwa kwenye tangi kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, nyingine inamwagikia mbao, na hatua chache pembeni abiria anavuta sigara yake kwa raha zake. Ukiuliza unaambiwa, "Bosi, hapa tumezoea." Moto ukiwaka, mkono wa kwanza utakimbilia maji ya ziwa, maana ndiyo yaliyojaa. Hapo ndipo mnapoangamia: petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake na kusambaa ikiwa bado inawaka. Kinachotakiwa botini ni ndoo ya mchanga mkavu, mtungi mmoja wa unga wa kuzimia moto, na boya la kuvaa kwa kila abiria. (Kuvaa, si kukalia kama mto.)

Kuna jambo wasiolijua ziwa husahau. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Usiku huo ziwa linamulika kama mji, na anayepiga kelele huenda akasikika. Mbalamwezi ikishika, vipe, yaani boti za dagaa, vinapumzika na ziwa linabaki tupu. Boti ya serikali, kama ipo au ikija kupatikana, iwe zamu siku hizo hasa, pamoja na msimu wa kusi, badala ya kusubiri gwaride na wageni.

Halafu tuzungumzie mafuta. Mvuvi anayeacha nyavu zake kukufuata anachoma petroli ya tajiri wake, mwenye boti, na usiku huo anarudi bila dagaa. Akifika nchi kavu anapewa pole na makofi, kisha tajiri anadai hesabu yake. Halmashauri zinakusanya ushuru wa samaki mwaloni. Zitenge sehemu ya ushuru huo, BMU ithibitishe uokoaji umefanyika, na mvuvi arudishiwe mafuta yake wiki hiyo hiyo.