Kichakani au mikwajuni?

Nilikuwa natafsiri hadithi fupi, nikafika pale wapenzi wawili wanapokutana jioni penye miti michache iliyosongamana kando ya mto. Nikaandika "kichakani", nikasonga mbele. Mhariri akanirudishia na swali pembeni: "Wamekwenda kujisaidia au wanamvizia mtu?"

Nilicheka, ila alinipata. Kichaka kwetu kina jina baya. Nyoka yumo, kibaka yumo, na wanasiasa wamemalizia kazi: kila sheria wasiyoipenda ni "kichaka cha wala rushwa kujificha". Kwamba kichaka kina kivuli na ndege, hakuna anayekumbuka. Kijisitu nacho sikitaki. Hiyo kiji- ni ya dharau, ndugu moja na kijitu.

Nikaikumbuka kaya. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni msitu mtakatifu, na maana yake ni nyumbani, kwa kuwa vijiji vya wazee vilikuwa humo ndani, katikati ya miti. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehama, jina likabaki na miti. Ukienda Kaya Kinondo, kule Kwale, unavua kofia na kufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. UNESCO iliyaweka makaya hayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Neno tamu, lakini msomaji wa Dodoma akiona "walikutana kwenye kaya" atafikiria watu wa nyumba moja wanaohesabiwa kwenye sensa, au orodha ya TASAF, mfuko wa kusaidia maskini.

Jibu lilinijia ndani ya daladala, kondakta akiita "Mikocheni! Mikocheni!" Mikoche, halafu -ni. Basi! Miembeni, Minazini, Michungwani: ramani yetu imejaa vijisitu, ila Kiswahili hakikubali kusema "miti" tu, kinataka kujua miti gani. Na kikishataja hakisahau. Michenzani ya Unguja leo unaijua kwa maghorofa yake marefu, lakini michenza bado imo kwenye jina. Ndiyo maana nasema tusihangaike kutunga neno la jumla; tulilo nalo linaona vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba mwandishi wa hadithi ile hakusema ni miti gani. Najua mfasiri hana ruhusa ya kupanda miti kwenye shamba la mwenzake.

Nimewaweka mikwajuni.