Kimondo Kimepita, Dagaa Wameloa

Jamani, nimenyang'anywa rimoti. Mtu mzima, ndevu nyeupe, wakwe wawili, kila jioni ikikaribia saa mbili nasimama mbele ya mke wangu kuomba rimoti kama mtoto anayeomba hela ya maandazi. Na akinipa, anaangalia saa.

Kosa langu? Kuijali dunia.

Chanzo ni goti. Nilienda zahanati kwa ajili ya goti, goti tu, nesi akaamua kunifunga ile mashine ya presha. Ikabana, ikahema, ikasema 170 kwa 100. "Baba, una mawazo?" Nikamwambia ninayo, mafuta ghafi yamepanda bei. "Una gari?" Sina. "Pikipiki?" Hata baiskeli niliuza. "Kingine?" Nikamwambia hisa za Tokyo zimeshuka. Akaweka kalamu chini, akanitazama. Wallahi, Tokyo sina hata kuku. Lakini yule mtangazaji alilisema jambo lile kwa sauti nzito, na mshale mwekundu umeelekea chini. Ukiuona ule mshale, hata ugali haushuki.

Nyumbani nikamkuta Zaituni, binti yangu anayesoma uuguzi, yuko likizo. Alikuja na begi moja la nguo na matatu ya maneno. Eti baba, unajua mwaka 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni mjini Boston, Marekani? Najua, niliangalia. Eti watafiti walikuja kuona kwamba waliokaa saa sita au zaidi kwa siku wakifuatilia habari zile, wiki ile ya kwanza, walikuwa na mfadhaiko mkali kuliko hata waliokuwepo pale pale. Nikacheka. Saa sita! Mimi saa sita nazimaliza kabla ya alasiri.

Hakucheka. Akaleta jingine, la Uingereza, 1997: watu walionyeshwa taarifa ya habari ya dakika 14, habari mbaya tupu, wakaishia kuhangaikia mambo yao wenyewe ambayo hayakutajwa popote kwenye taarifa. Hapo nilinyamaza, maana alinishika pabaya. Juzi walionyesha mafuriko sijui nchi gani, watu wamepanda juu ya mapaa, na mimi katikati ya kuwahurumia nikakumbuka mahari ya mama yake ambayo sijaimalizia tangu 1991. Mkwe mwenyewe alishafariki. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Sisi hatukulelewa hivi. Huku bara televisheni tumeipata 1994. Zanzibar wenzetu wanaangalia ya rangi tangu 1973, labda ndiyo maana wameizoea na hawapigi kelele. Hapa Ujiji, Kigoma, tulikuwa na redio. Saa mbili usiku ngoma inalia, watu kimya, msomaji anasoma, anamaliza, anakwenda zake. Na wewe unakwenda zako. Dunia ikitaka kuharibika baada ya hapo ilisubiri kesho. Siku hizi msomaji haendi popote! Na chini yake kuna maandishi yanakimbia, hujamaliza kusoma balaa la kwanza la pili limeshaingia. Nikizima, napita kwa kinyozi kutuliza akili, na yeye kawasha, chaneli ile ile.

Lakini rimoti haikuondoka kwa sababu ya Boston. Iliondoka kwa sababu ya dagaa.

Siku hiyo tulikuwa tumeanika dagaa ufukweni Kibirizi, ndoo kumi na mbili, mtaji wote, maana mbalamwezi ilikuwa inakaribia na kwenye mwanga wa mwezi dagaa hawafuati taa. Mama Zaituni akaniambia, "Nakwenda msibani, wewe tazama wingu." Nikasema sawa. Nikaingia kwenye kibanda cha chai mara moja tu, nikakuta habari za hivi punde: kimondo kinapita karibu na dunia. Karibu! Nani atoke hapo? Nilikaa nimeshika kichwa, nimeshampigia simu kaka yangu Kasulu asiwatoe watoto nje. Mwishoni kabisa ndipo mtangazaji akataja huo ukaribu: kilometa milioni mbili.

Kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni kilometa 1,250 hivi, na mtu anashuka stesheni uso umevimba. Milioni mbili ndiyo "karibu"?

Nikatoka nikiwa na hasira. Mvua ilishanyesha na kukatika. Kunguru walikuwa wanachagua.

Hukumu ikapita usiku huo huo, Zaituni hakimu, mama yake askari magereza. Eti hata Shirika la Afya Duniani, wakati wa korona mwaka 2020, lilishauri watu watafute taarifa mara moja au mbili tu kwa siku. Mimi nimepewa ile moja. Saa mbili mpaka saa mbili na nusu, na ikifika nusu mke wangu anazima hata kama msomaji yuko katikati ya neno. Jana walikuwa wanaeleza habari za wachimbaji waliofukiwa mgodini, nchi ya mbali huko, waokoaji wameshasikia sauti chini. Tap. Giza. Rimoti ikaingia kwenye kanga.

Presha imeshuka, siwezi kudanganya. Nesi kafurahi. Ila jana hiyo hiyo, kama saa sita usiku, nasikia mtu ananigusa bega.

"Baba Zaituni. Umelala?"

"Bado."

"Hivi wale watu wa mgodini… wametoka?"

"Nitajuaje, na rimoti unayo wewe?"

Akanyamaza kidogo. Kitanda kikalia. Tukanyata wote wawili mpaka sebuleni, yeye mbele, mimi na goti langu nyuma, tukaweka sauti chini kabisa, Zaituni asije akasikia.